Barua kwa Mwanangu: Mapenzi katika Somo la Kiingereza

Kisumu

Mwanangu mpendwa,

Barua yako kutoka Nakuru imenifikia. Unasema kwamba kila unapoandika ubaoni kuwa mtajadili maudhui ya mapenzi, wavulana wa kidato cha tatu huguna, wasichana hujiinamia, na kipindi humalizika bila mtu kusema neno la maana. Umeuliza ufanyeje, na kama ingefaa uwaombe waandike habari za mapenzi yao wenyewe ili wachangamke. Hilo la pili jibu lake ni fupi: usiwaombe. Mwanafunzi hawezi kumkatalia mwalimu kwa urahisi, na waraka uliotolewa na TSC, tume inayoajiri walimu, mwaka wa 2010 kuhusu kuwalinda wanafunzi dhidi ya dhuluma za kingono unakutaka uripoti dhuluma ya aina hiyo ukiijua, hata ukiisoma katika insha. Mtoto akikujia mwenyewe na siri nzito, msikilize na ufanye wajibu wako, lakini usimtegee siri hiyo kwa kisingizio cha insha.

Ama kuguna kwao, naamini kunatokea kwa sababu umewapa neno kabla ya kuwapa mtu. Mapenzi yakiandikwa ubaoni peke yake, kila mmoja huyafasiri kwa yale aliyoyasikia bwenini, na aibu huanzia hapo. Watangulizie mhusika aliyebanwa, anayelazimika kuchagua, kisha uwaulize ametenda nini na kitendo hicho kimemgharimu nini.

Kwa kazi hiyo sijaona hadithi fupi inayoipita The Rain Came ya Grace Ogot, binti wa Asembo, ambayo imo katika mkusanyiko wake wa mwaka wa 1968, Land Without Thunder. Nchi imekauka, na mganga Ndithi anamletea chifu Labong'o ujumbe wa mizimu kwamba mvua haitanyesha mpaka Oganda, binti yake wa pekee, atolewe kafara kwa dude la ziwani. Labong'o ana wana wengi wa kiume, lakini kipenzi chake ni huyu, na bado anamtoa. Wazee wanapolitaja jina lake, Oganda anadhani wanazungumzia ndoa yake, naye moyoni anamfikiria Osinda, kijana anayempenda. Kituo hicho usikipite haraka, kwa maana msichana anayetazamia arusi ndiye anayeandaliwa kufa, na darasa likilielewa jambo hilo halitakuwa na hamu ya kucheka.

Waulize kama Labong'o anampenda binti yake. Wengi watasema hapana, tena kwa ukali. Nawe uwarudishe kwenye kurasa zinazoonyesha jinsi anavyoteseka, wapime kama mateso ya mzazi yanatosha kuitwa mapenzi ikiwa mtoto ndiye anayepelekwa ziwani. Kisha uje kwa Osinda, anayemfuata Oganda njiani, akamvika vazi la majani la kumkinga dhidi ya macho ya mizimu, wakatoroka pamoja. Watu wa kwao wanaamini kwamba bila kafara wataangamia kwa kiu. Je, anayeokoa mmoja na kuwaacha hao wote amependa, au amejipendelea? Waache wabishane kipindi kizima ukiweza, kwa kuwa mwishoni mvua inanyesha ingawa Oganda hakuliwa na dude. Wapo watakaosema mizimu iliridhika kwa kuwa watu walikubali kumtoa, na wapo watakaosema kwamba agizo lenyewe halikuwa la kweli. Mimi naelekea kwa hawa wa pili, lakini usiwaambie msimamo wangu wala wako mpaka kila upande uwe umeonyesha ushahidi wake kitabuni. Darasa lako lina watoto wa jamii nyingi, nao watakuletea masimulizi ya kwao ya mvua na kafara. Yapokee, maana hapo hata yule asiyejiamini kwa Kiingereza hupata la kusema.

Ukitaka mfano wa mbali, Romeo and Juliet ya Shakespeare inatosha, na huna haja ya kuisoma yote. Waonyeshe tu kwamba Juliet hajatimiza miaka 14, kwamba tangu yeye na Romeo wakutane mpaka kufa haipiti wiki moja, na kwamba baba yake anatishia kumfukuza asipoolewa na Paris, mwanamume aliyemchagulia. Wanafunzi wako, ambao wengi wamempita kwa umri na wanajua kwamba sheria yetu ya ndoa ya mwaka wa 2014 inataka miaka 18, watakuwa na mengi ya kusema kumhusu baba huyo. Wamlinganishe na Labong'o, aliyemtoa mwanawe kwa uchungu bila kumtishia.

Usihofu kwamba mjadala huu utawapunguzia muda wa mtihani. Insha ya kitabu cha lazima katika karatasi ya tatu ya Kiingereza ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, ina alama 20, na mtahini hazitoi kwa sifa za mapenzi. Huzitoa kwa hoja iliyofungwa kwenye tukio, na huo ndio mtindo watakaokuwa wameuzoea kwa kubishana hivi.

Nitumie maswali utakayoandaa kabla ya kuyapeleka darasani, niyasome na kukuandikia pembeni panapohitaji kunyooshwa. Baba yako anakusalimu.

Mama yako