Ushauri nasaha bila kutoa ushauri?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni muuguzi hapa Ujiji, Kigoma, na sasa nasomea ushauri nasaha. Mkufunzi wetu anafuata njia ya Carl Rogers, na kila kipindi anatukumbusha: "Msimpe mtu ushauri." Mbona basi kazi yenyewe inaitwa ushauri? Na anayekuja kwetu tumwite mgonjwa, mteja au mshauriwa?

Jibu: Marahaba, binti yangu. Swali lako limenifuata hapa Tabora siku kadhaa, kwa sababu ukinzani uliouona ni wa kweli.

Maneno yote mawili yametoka katika Kiarabu. Nasaha ni mawaidha mema anayopewa mtu. Shauri ni ndugu wa shura: watu kukaa pamoja na kutafuta la kufanya. Lakini kitenzi chetu kimeelemea upande mmoja. Ukisema "nilimshauri ahame", wewe ndiye uliyesema, mwenzako amepokea. Ukitaka wawe wawili, huna budi kuongeza -ana: tulishauriana. Kwa hiyo jina la kazi yenu, ambalo wengi tulilizoea kupitia vituo vya upimaji wa hiari wa VVU, linaweka maneno kinywani mwa mshauri. Rogers, mwanasaikolojia wa Marekani (1902–1987), aliyaacha kinywani mwa aliyekuja. Aliamini kwamba kila mtu ana msukumo wa ndani wa kukua. Anayemsaidia awe mkweli, asijifiche nyuma ya cheo, amkubali mtu bila masharti, na amwelewe kama yeye mwenyewe anavyoyaona mambo yake.

Hapo Kiswahili kina msemo wa ajabu: "shauri lako", au kama wengi tunavyosema, "shauri yako". Kwa maana ya maneno, ndilo fundisho lenyewe: jambo ni lako na uamuzi ni wako. Ila sisi huusema msemo huo tukimpa mtu kisogo. Rogers angemwambia mtu shauri ni lake, kisha abaki amekaa naye.

Chukua mfano. Mama amefiwa na mume aliyezama ziwani, anakwambia: "Nikisikia injini ya boti usiku, siwezi kulala tena." Ukijibu, "Jikaze mama, kazi ya Mungu haina makosa," umemfunga mdomo kwa upole. Hata "pole sana" ikitoka haraka mno hufanya hivyo hivyo. Ukimwambia, "Ile sauti inakurudisha usiku ule," utaona mabega yanashuka na maneno yanaendelea. Hujamshauri lolote. Msiite hilo huruma, kwa maana mtu anaweza kumhurumia mwenzake akiwa amesimama mbali. Mimi husema kuhisi pamoja naye. Ni maneno matatu badala ya moja, lakini hayampotoshi mwanafunzi.

Jina la kazi liacheni, limeshakomaa. Jina jingine la kazi hiyo, unasihi, halitawaokoa, maana limezaliwa na nasaha hiyo hiyo. Ila darasani tumieni zaidi kitenzi sikiliza. Kusikia hutokea hata usipotaka. Kusikiliza ni kukusudia. Tena ukiongeza -ana unapata kusikilizana, yaani kupatana. Sijui lugha gani ingewapa zawadi kubwa kuliko hiyo.

Sasa huyo anayekuja. Mgonjwa hapana. Katika kitabu chake cha mwaka 1942 Rogers aliliepuka neno hilo, akachagua neno ambalo sisi tunalitafsiri mteja, kwa kuwa mtu huyo amekuja kwa hiari yake na hajakabidhi maisha yake kwa mtaalamu. Mteja linafaa, ingawa linanuka duka kidogo. Chungeni wingi wake tu: ni wateja. Mateja, mtaani, ni watu waliotekwa na dawa za kulevya, na nimewahi kuona kosa hilo limebandikwa mlangoni mwa chumba ambamo watu hao hao walikuja kutafuta msaada. Mshauriwa silipendi kabisa: kile kiambishi -w- kinamfanya awe wa kutendewa.

Rogers mwenyewe hakuishia kwenye mteja. Baadaye aliita njia yake kwa neno pana zaidi, mtu. Kwa hiyo kwenye fomu andika mteja. Mkiwa wawili chumbani, mama yule mwite kwa jina la mwanawe, kama majirani zake wanavyomwita.