Kabla hujanunua bodi yako ya kwanza

Wengi wanaoniuliza pa kuanzia na elektroniki ya kuprogramu huwa wameshalitamani lile boksi kubwa lenye sensa za kila aina, mota, rimoti na skrini. Liache kwanza. Chukua Arduino Uno R3 (bodi ndogo unayoiandikia programu, nayo inasoma sensa na kuwasha vitu kupitia pini zake) au kopi yake, bredibodi (kibao cha kuunganishia vifaa bila kulehemu), taa chache za LED, rezista za ohm 220 za kupunguza mkondo unaopita kwenye taa, na maltimita (kipimo cha umeme) ya bei nafuu. Hiyo maltimita ndiyo watu huiruka, kisha wanakesha wakihariri msimbo wa programu ilhali waya umechomoka.

Uno hiyo ya R3 ina RAM ya kilobaiti 2 tu. Usicheke, kwa kusoma joto au kuwasha pampu kwa rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) inatosha na chenji inabaki. Tena ni ngumu kufa. ESP32, bodi nyingine maarufu, ina Wi-Fi, na mara nyingi bei yake iko chini ya Uno halisi, ila pini zake ni za volti 3.3. Ukizipelekea volti 5 unaweza kuizika siku hiyo hiyo. Ije ya pili.

Kompyuta ikigoma kuiona bodi, badilisha kebo kabla ya kumrudia muuzaji. Kebo nyingi zinazouzwa na chaja za bei rahisi hazina nyaya za data ndani: bodi inawaka, lakini mawasiliano hakuna. Kopi nyingi pia hutumia chipu ya USB iitwayo CH340, ambayo kwenye baadhi ya kompyuta hudai draiva yake, yaani programu ya kuitambulisha.

Ikionekana, fungua mfano wa Blink ndani ya Arduino IDE (programu ya kompyuta ya kuandikia na kupakia msimbo) uupakie kwenye bodi kama ulivyo. Kitaa cha pini 13 kikianza kupepesa, badilisha 1000 zote mbili (ni milisekunde za kusubiri) ziwe 200, upakie tena. Kikienda mbio, basi kompyuta, kebo na bodi vimeelewana. Kuanzia hapo kitu kikigoma, kagua ulichoongeza mwisho.

Mota usiichomeke moja kwa moja kwenye pini. Pini ya Uno ni ya miliampia 20 hivi, na 40 ndio ukomo wa kuungua. Mota ndogo ya gari la watoto hula zaidi. Weka transista katikati (pini inaiamuru, nayo inabeba mkondo wa mota), na diodi, inayopitisha umeme upande mmoja tu, kwenye miguu ya mota, maana ikizimwa hurusha volti kali kinyume. Na ile rilei yenye skrubu za kufungia umeme wa ukutani, kwa sasa ifanyie majaribio na taa ya volti 12 ya betri.