Besiboli, Mchezo Usio na Kipenga cha Mwisho

Ndugu na marafiki walioko nyumbani huniuliza ninaona nini kwenye besiboli, mchezo ambao kwa macho ya mtu wa soka ni watu waliosimama uwanjani wakingoja. Naishi Marekani, nimekulia kwenye soka na bado naipenda. Lakini nikiambiwa nichague mchezo mmoja wa kutazama hadi mwisho huku timu yangu ikiwa nyuma, nitachagua besiboli bila kusita, kwa sababu hauchezwi kwa dakika.

Kwenye soka, timu inayoongoza inaweza kupeleka mpira kwenye kibendera cha kona na kusubiri kipenga. Kwenye besiboli hakuna kona ya kujificha. Mechi ina ngwe tisa, na katika kila ngwe timu hupiga hadi watu wake watatu watolewe. Maana yake ni kwamba ukitaka kushinda, lazima uwatoe wapinzani mara 27. Tena mpira unashikwa na timu inayolinda, siyo inayoshambulia. Hata ukiongoza kwa pointi kumi, mrushaji wako lazima amrushie mpigaji mpira unaopigika, mmoja baada ya mwingine, mpaka yule wa mwisho atolewe.

Anayetaka kuona uzito wa jambo hili atafute video ya mechi ya sita ya fainali za ligi kuu ya Marekani za mwaka 2011, iliyochezwa St. Louis tarehe 27 Oktoba. Texas Rangers walihitaji ushindi mmoja tu kuwa mabingwa. Ngwe ya tisa walikuwa mbele 7-5, wapigaji wawili wa Cardinals, timu ya St. Louis, wameshatolewa, na mpigaji wao David Freese ana straiki mbili, yaani mipira mizuri aliyoikosa au kuiacha; ya tatu humtoa mpigaji. Straiki moja zaidi, kombe linaondoka. Freese, kijana aliyekulia pembezoni mwa jiji hilohilo, akaupiga ukampita mlinzi wa upande wa kulia hadi ukutani, wenzake wawili wakakimbia mpaka nyumbani, kituo cha mwisho kinacholeta pointi, 7-7. Timu zikiwa sare, ngwe huongezwa. Ngwe ya kumi Rangers wakaongoza tena 9-7. Cardinals wakarudisha pointi moja, kisha wakabakiwa tena na straiki moja tu, na safari hii Lance Berkman akasawazisha. Ngwe ya 11 Freese akaupiga mpira ukavuka ukuta wa uwanja, 10-9. Kesho yake Cardinals wakatwaa ubingwa. Hakuna mwamuzi aliyeongeza dakika, kwa sababu hazikuwepo za kuongeza.

Kuna jambo jingine ambalo kwangu lina uzito uleule. Wapigaji tisa hupiga kwa zamu, na zamu hairukwi. Nyota wako hawezi kupewa mpira kila mara hatari inapokuja. Akishapiga, anangoja wenzake wanane. Ndiyo maana mechi kubwa mara nyingi huamuliwa na mtu ambaye hakuna aliyekuja kumtazama. Na kushindwa kumo ndani ya mchezo wenyewe. Mpigaji anayefanikiwa mara tatu katika kumi anahesabiwa kuwa hodari. Ted Williams wa Boston Red Sox alimaliza msimu wa 1941 na wastani wa .406, yaani mara 406 katika kila 1,000, na tangu hapo hakuna mchezaji wa American League wala National League, ligi mbili zinazounda ligi kuu ya Marekani, aliyefika .400.

Sasa utazameje? Usianze na kanuni zote. Anza na watu wawili, mrushaji na mpigaji, na hesabu ndogo iliyo pembeni ya skrini: boli ngapi (mipira iliyorushwa nje ya eneo la kupigika, na mpigaji akaiacha), straiki ngapi. Boli nne, mpigaji anatembea bure hadi besi ya kwanza, kituo cha kwanza cha kukimbilia. Straiki tatu, ametolewa. Ikiwa boli tatu bila straiki, mrushaji amebanwa na hana budi kurusha katikati. Ikiwa straiki mbili bila boli, anaweza kumdanganya mwenzake kwa mpira unaopinda. Mita 18.4 tu zinawatenganisha, na mpira wa kasi ya kilomita 150 kwa saa hufika kabla nusu sekunde haijaisha. Ule utulivu unaowachosha wageni ndio wakati wa kukisia kitakachorushwa. Mimi hukisia kwa sauti, na watoto wangu hushindana nami.

Pili, shika karatasi na kalamu. Kila nafasi ya ulinzi ina namba: mrushaji 1, mdakaji 2, besi ya kwanza 3, mpaka 9. Ukiandika 6-3, umeandika kwamba mlinzi aliye kati ya besi ya pili na ya tatu aliuokota mpira akaurusha besi ya kwanza. Hakuna kilichonifundisha mchezo huu haraka kama karatasi hiyo.

Waliocheza raunda shuleni Kenya wataelewa mbio za besi mara moja. Kwa walioko Dar es Salaam, kuna uwanja wa besiboli Shule ya Sekondari Azania. Kuona mchezo kwa macho ni bora kuliko video. Uganda wamefika mbali zaidi: mwaka 2012 watoto wa Lugazi walicheza fainali za dunia za Little League, besiboli ya watoto, huko Williamsport, Pennsylvania.

Kuhusu saa: mechi nyingi za Marekani huchezwa jioni, ambayo Afrika Mashariki ni usiku wa manane. Tafuta za Jumapili mchana. Ile inayoanza Boston saa saba na dakika 35 mchana, Nairobi na Dar ni saa mbili na dakika 35 usiku, na tangu mwaka 2023 mrushaji alipowekewa sekunde za kurusha, nyingi huisha ndani ya muda wa saa tatu.