Mume ameacha unga, sasa anauliza daftari

*"Shangazi, shikamoo. Nina miaka 34, naishi Mbagala. Mume wangu ni fundi samani Keko. Alitumia unga, yaani heroini, miaka sita, akauza hadi randa na msumeno wa umeme. Sasa ana miezi minane anakunywa methadoni, dawa ya kuacha unga, kliniki ya Temeke, kila asubuhi, hata Jumapili. Mimi naona ni uteja uleule, wamebadilisha chupa tu. Usiku anatoka jasho, anakohoa, mchana anasinzia, na chumbani hanijali. Mwezi uliopita nilimfungia ndani siku tatu ili aachane na hiyo dawa, akatoroka, akarudi amevuta. Tangu hapo kadi yake ya kliniki ninayo mimi. Halafu amekuwa mkali, kila jambo la pesa anahoji, mpaka marejesho yangu ya vikoba. Zamani hakuwa hivyo. Kuna mganga Bagamoyo anasema atamtoa dawa zote kwa mwezi mmoja. Nimpeleke, au nidai talaka?" – Mke Niliyechoka*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa hiyo miaka sita. Kulala nyumba moja na mtu anayekupigia hesabu sufuria si jambo dogo. Lakini pole yangu inaishia hapo, maana barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilijikuta niko upande wa mumeo.

Hizo siku tatu unazozitaja kama ushahidi dhidi yake ni ushahidi dhidi yako. Aliyevuta unga alfajiri, jioni arosto, yale mateso ya mwili kukosa dawa, imeshabisha hodi: miayo, kamasi, machozi. Methadoni haiendi hivyo. Inakaa mwilini zaidi ya siku nzima, ndiyo maana inanywewa mara moja kwa siku. Kwa hiyo ulipogeuza ufunguo, siku ya kwanza alionekana mzima, nawe ukadhani umeshinda. Siku ya pili na ya tatu ndipo mifupa inapouma, tumbo linaharisha, usingizi unakimbia. Na arosto ya methadoni ni ya polepole, inaweza kumtesa mtu wiki mbili, tatu. Ulimnyang'anya dawa ukamkabidhi kwa pusha, kisha unaniandikia kwamba amevuta!

Na hiyo kadi unayoishikilia, hukuniambia kama tangu hapo anakunywa dozi au hanywi. Nadhani unajua kwa nini umeliruka hilo. Mtu akikosa dozi siku tatu mfululizo, mwili unaanza kusahau, na wahudumu hawampi tena kiasi kilekile, wanapunguza kwanza. Akipitisha siku tano, kwa kawaida anaanza upya, milligramu 30 au chini yake, kisha anapandishwa taratibu. Wengi hutulia kati ya 60 na 120, na kufika huko kunachukua wiki kadhaa. Kazi hiyo yote umeitia droo moja na kadi.

Unasema wamebadilisha chupa tu. Unga unapanda kwa dakika chache, unashuka, na mtu anarudi maskani mara tatu nne kwa siku kutafuta kete nyingine. Hapo ndipo randa inapouzwa. Methadoni inaingia polepole. Ikiwa dozi imekaa sawa haileti stimu, inazima hamu tu, na mtu anashika kazi yake. Huduma hii ilianza Muhimbili mwaka 2011, ikafuata Mwananyamala, kisha Temeke, na dawa yenyewe hailipiwi. Wako watakaoinywa miaka, kama mwenye kisukari na sindano yake. Anayetaka kuiacha anapunguziwa milligramu chache chache kwa miezi, tena mwenyewe akiwa tayari, si mkewe akichoka. Nikuulize: katika miezi hii minane, nini kimeibiwa ndani? Barua yako haitaji hata kijiko.

Mambo ya mwili tuyatenganishe, umeyatia yote kapu moja. Jasho, ndiyo, methadoni huleta jasho, na choo kigumu pia. Maji mengi na mboga za majani husaidia. Lakini jasho la usiku pamoja na kikohozi, hapana, hilo usiisingizie methadoni. Kikohozi kikipita wiki mbili, makohozi yapimwe kifua kikuu. Akikutwa nacho, itajwe mapema kwamba yuko kwenye methadoni, kwa sababu rifampisini, mojawapo ya dawa za kifua kikuu, huifanya methadoni iishe haraka mwilini. Mgonjwa anakunywa asubuhi, kabla ya kesho yake arosto inamkamata, na nyumbani wanasema "si nilisema, amerudia." Hajarudia. Dozi inatakiwa kupandishwa.

Kusinzia mchana kunaweza kuwa dozi imezidi kidogo. Kunaweza pia kuwa anachanganya na pombe au valiamu, vile vidonge vya kutuliza, na mchanganyiko huo ndio unaosimamisha pumzi, kwa hiyo kliniki waambiwe bila kumficha. Na chumbani? Unga na methadoni vyote hushusha homoni za kiume. Daktari anaweza kulishughulikia, lakini lazima asikie, na mwanaume peke yake hatalisema. Nenda naye. Usimzulie mchepuko kwa sababu ya homoni.

Mganga wa Bagamoyo, mwanangu, ni njia fupi ya kuwa mjane. Tuseme amemfungia mwezi na kweli hakugusa kitu. Anarudi mwili umesahau unga, kichwa bado kinaukumbuka. Siku anateleza, anapiga kiasi kilekile cha zamani, na kiasi hicho sasa kinaua. Ukimkuta hazinduki, mboni zimekuwa ndogo kama tundu la sindano, anakoroma vibaya au anapumua mara moja moja, midomo imebadilika rangi: mwite kwa nguvu, msugue kifuani kwa vifundo vya vidole. Asipoitika, tuma mtu atafute usafiri wa hospitali saa hiyohiyo. Kama hapumui vizuri, inua kidevu, bana pua, mpulizie mdomoni, pumzi moja kila sekunde tano. Akipumua mwenyewe, mlaze ubavu. Maziwa usimnyweshe, maji ya chumvi usimdunge, yatamkaba au yatamdhuru. Hospitali waambie wazi ni unga. Kuna sindano ya naloksoni ya kumzindua aliyezidiwa na unga, lakini inamfaa aliyefikishwa akiwa bado na pumzi.

Sasa tuje kwenye kilichokufanya uandike. Umekificha karibu na mwisho, katikati ya mkali na mganga: marejesho. Mumeo alipokuwa teja hakuuliza kitu. Pesa ulishika wewe, mikopo ulikopa wewe, na kwa jinsi unavyotetemeka, nahisi pembeni ya vikoba kuna kausha damu, ile mikopo ya riba kali. Leo amepata akili zake, anauliza mbona fedha za makochi hazionekani. "Zamani hakuwa hivyo." Bila shaka hakuwa hivyo, alikuwa amelewa! Unamtaka mume aliyepona, lakini asiamke.

Na hili si lako peke yako. Ndoa za siku hizi, kamati ya harusi inakaa vikao kumi kuhesabu michango, mpaka bei ya keki iko kwenye kundi la simu. Harusi ikipita, hakuna kikao hata kimoja cha kusema nani anadaiwa na nani. Mke ana laini ya pili, mume ana laini ya tatu, mdai akigonga mlango watoto wanatumwa kusema mama hayupo. Mficha maradhi kifo humuumbua, na deni ni maradhi kama mengine.

Talaka, sioni kama unayo haki nayo leo. Akirudia kuuza vitu, au akiinua mkono, njoo tena na jibu langu litakuwa jingine. Kwa sasa aliyevunja utaratibu ni wewe.

Kesho alfajiri mrudishie kadi, mpe nauli ya kwenda na kurudi, na mwende wote. Mseme mbele ya mhudumu idadi kamili ya siku alizokosa na alivyovuta. Akificha, anaweza kupewa dozi ambayo mwili wake hauiwezi tena. Mtaje na kikohozi. Kisha mwache aende zake Keko. Jioni akirudi, akute daftari la vikoba liko mezani, na hilo jingine pembeni yake.