Nyota imefifia kidogo, ni sayari au siyo? Majibu ya maswali yenu

Leo najibu machache kuhusu sayari za nyota zingine, zile tunazozigundua pale sayari inapopita mbele ya nyota yake na kupunguza mwanga wake kidogo. Nipo Kibirizi hapa Kigoma, giza limeshika na wavuvi wa dagaa wameshaingia ziwani.

Setilaiti ya TESS, ile inayosaka sayari za nyota zingine, iko juu angani, darubini za chini ardhini za nini tena?

Haioni kwa undani kihivyo jamani. Ilirushwa 2018, inakagua nyota nyingi kwa mkupuo, ila pikseli yake moja (kidoti kimoja cha picha) inameza kipande cha anga karibu nusu ya upana wa Jupita tunavyoiona toka huku, humo nyota kadhaa zinabanana. Sasa angalia taa za wavuvi kule mbali, mitumbwi miwili inaonekana taa moja, mwanga ukipungua utajuaje ni taa ya nani imezibwa? Unaweza kushangilia sayari kumbe ni nyota mbili zinazozungukana huko nyuma zinazibana zenyewe kwa zenyewe. Darubini ya chini, hata ya mita moja kama zile za Sutherland Afrika Kusini, inazitenganisha unaona ipi imefifia.

Kwa macho naona nyota ikififia?

Wapi! Kwa anayetazama toka nyota nyingine, Jupita ikipita mbele ya Jua inakata kama asilimia 1 ya mwanga, Dunia haifiki hata asilimia 0.01.

Nina kadarubini na kamera, naweza?

Unaweza. Sayari ya HD 209458 b, ya kwanza kuonekana ikipita mbele ya nyota yake mwaka 1999, ilinaswa na darubini ya sentimita 10 tu. Inakata kama asilimia 1.5 kwa masaa matatu hivi, kila baada ya siku 3.5, na mwezi wa kumi jioni kwetu iko juu vizuri. Anza kupiga picha mapema na usiache mpaka mwanga urudi, chukua na nyota za jirani, maana wingu jembamba linafifisha zote ila sayari inafifisha moja. Alafu usifokasi sana, acha nyota ivimbe kidogo isambae kwenye pikseli nyingi, mi mara ya kwanza niliifanya ncha ya sindano, grafu ikatoka meno ya msumeno.

Ikishajulikana ni nyota ipi imefifia, ndo sayari imethibitishwa?

Bado. Kuna vinyota vidogo saizi ya Jupita kabisa, navyo vikipita mbele vinafifisha vilevile, kwahiyo lazima upate uzito wa hicho kilichopita, na hapo ndo inaingia mitambo kama HARPS kule Chile, inapima nyota inavyoyumba kwa kuvutwa. Ikiyumba sana, hiyo siyo sayari.