Muulize Mwalimu: Damu yetu na maji ya bahari

Swali: Shikamoo Mwalimu. Nafanya kazi kwenye mashamba ya chumvi hapa Bagamoyo. Katika mawaidha ya Ramadhani nilisikia kwamba chumvi iliyo kwenye damu ya binadamu ni sawasawa na ya bahari, na kwamba hapo sayansi imeithibitisha aya ya Al-Anbiyaa isemayo kila kilicho hai kimetokana na maji. Mwenzangu Mkristo akadakia kuwa ndiyo maana Yesu aliwaambia wafuasi wake kwamba wao ni chumvi ya dunia. Tunabishana kila siku. Tuamulie.
*Msomaji, Bagamoyo*

Jibu: Marahaba mwanangu. Mimi nilifundisha kemia, si fikihi wala theolojia, kwa hiyo nitaanza na mizani. Chemsha lita moja ya maji ya bahari mpaka yakauke, utabaki na chumvi gramu 35 hivi. Lita ya damu, ukiziondoa seli zake, ina kama gramu 9. Ndiyo maana dripu ya chumvi wanayokutundikia hospitali imeandikwa asilimia 0.9. Basi bahari imeizidi damu karibu mara nne, na hilo "sawasawa" ulilolisikia halipo. Lingekuwepo, baharia aliyeishiwa maji angekunywa ya bahari akaokoka. Lakini figo zetu haziwezi kutoa mkojo wenye chumvi kali kuliko bahari, kwa hiyo kila kikombe anachokunywa kinamdai maji mengi kuliko yale kiliyomletea. Anakufa kwa kiu na tumbo limejaa.

Hata hivyo maneno hayo yana asili yake. Mwanzoni mwa karne ya 20 Archibald Macallum, mwanasayansi wa Kanada, aliona kwamba uwiano wa sodiamu, potasiamu na kalsiamu katika damu unaelekea kufanana na ule wa baharini. Kuhusu tofauti ya ukali akasema kwamba wanyama walijifungia mwilini bahari ya kale, enzi ambazo bahari yenyewe ilikuwa haijakolea. Wazo tamu, nakiri. Tatizo ni kwamba leo watafiti wengi wa miamba ya kale hawaoni kuwa bahari ya mwanzo ilikuwa na chumvi pungufu. Huenda hata iliizidi ya leo. Isitoshe, ingia ndani ya seli yenyewe: potasiamu tele, sodiamu kidogo, kinyume kabisa na bahari. Kwenye utando wa seli kuna pampu inayotoa chembe tatu za sodiamu na kuingiza mbili za potasiamu, usiku na mchana. Jens Skou wa Denmark aliieleza mwaka 1957, na mwaka 1997 akapewa Nobel kwa kazi hiyo. Pampu ikisimama, seli inafura maji na kufa.

Sasa aya. Aya imetaja maji, haikutaja gramu. Kwamba hakuna kiumbe kinachoishi bila maji, hilo halina ubishi maabara wala msikitini. Mwili wa mtu mzima peke yake ni maji kwa kiasi cha asilimia 60. Lakini uhai ulianzia wapi? Wapo wanasayansi wanaosema ni kwenye matundu ya moto chini ya bahari, wengine wanasema ni mabwawa ya chemchemi za moto nchi kavu, na bado hawajaelewana. Mtu akiitundika aya kwenye msumari aliouazima kwa Macallum, siku wenye msumari wakija kuuchomoa atafanya nini?

Na si mara ya kwanza chumvi kutumwa kazi ya namna hiyo. Mwaka 1715 Edmond Halley, yule mtaalamu wa nyota ambaye nyotamkia moja ina jina lake, alipendekeza umri wa bahari upimwe kwa chumvi inayoletwa na mito. Alitaka kuwajibu waliodai kwamba ulimwengu haukuwa na mwanzo. Mwaka 1899 John Joly wa Dublin akafanya hesabu, akapata miaka kama milioni 90. Leo tunajua dunia ina miaka kama bilioni 4.5. Joly alihesabu chumvi inayoingia, ile inayotoka hakuipa uzito wake. Kumbe inatoka! Nyinyi wenyewe mnaitoa kwa koleo kila kiangazi, na tangu kale ghuba zilizokauka zimeizika chini ya ardhi matabaka kwa matabaka.

Mwambie mwenzako naye kwamba wale waliomsikiliza Yesu hawakuwa na habari ya seli. Chumvi waliyoijua ni ile inayozuia samaki na nyama kuoza, na ile ambayo Mambo ya Walawi 2:13 inaamuru itiwe katika kila sadaka ya unga. Yale maneno ya Yesu kwamba chumvi ikiharibika haifai tena ndiyo yaliyokuwa yakiwasumbua wanafunzi wangu wa kidato cha tatu, maana chumvi safi haiharibiki hata uiweke karne. Nyinyi wa majaruba mnalielewa hilo bila mimi. Maji yakikaushwa na jua, jasi, yale madini meupe, hutangulia kutuama. Chumvi yenyewe huanza yakibaki kama moja ya kumi. Mkivuna ovyo, mnazoa vyote pamoja. Mvua ikinyeshea rundo kama hilo, chumvi inayeyuka na kwenda zake, jasi inabaki: nyeupe vilevile, haina ladha. Wafafanuzi wengi wa Injili wanaona chumvi ya kandokando ya Bahari ya Chumvi ilikuwa hivyo.

Na yale maji yanayobaki mkishavuna, onjeni kwa ncha ya ulimi. Ni machungu, kwa sababu ya magnesiamu. Al-Furqan aya ya 53 inazitaja bahari mbili, moja tamu na nyingine ya chumvi, chungu. Usikimbilie kuniletea hiyo nayo kama uthibitisho wa maabara. Kila mvuvi aliyewahi kupinduka na ngalawa anaujua uchungu huo.

Swali: Mwalimu, mjukuu wangu akiharisha nesi huniambia nimpe maji yenye chumvi na sukari. Jirani anasema nizidishe chumvi ili dawa iwe kali. Na sukari ni ya nini?
*Bibi, Ujiji*

Jibu: Shikamoo bibi. Jirani asisikilizwe hata kidogo; chumvi ikizidi inaweza kumuua mtoto. Tafuta kwanza pakiti ya ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji. Ikikosekana, pima lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote bapa. Onja kabla ya kumpa: yasizidi chumvi ya machozi. Chumvi ya Uvinza, iliyoanza kuchemshwa huko kwenu zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, inafaa.

Sukari ndiyo inayoifungulia chumvi mlango. Kwenye utumbo zinapita pamoja, na maji huzifuata. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, kipindupindu kiliingia kambi ya wakimbizi ya Bangaon, India, na dripu zikapungua. Daktari Dilip Mahalanabis akawapa wagonjwa maji ya chumvi na sukari wanywe. Vifo vilivyokuwa kama asilimia 30 vikashuka chini ya 4. Mtoto akilegea, macho yakadidimia au choo kikawa na damu, usingoje asubuhi.

Swali: Mbona Ziwa Victoria si la chumvi na Natron ni kali? Tumeambiwa maziwa ya chumvi yamelaaniwa kama Sodoma.
*Mwanafunzi, Mwanza*

Jibu: Victoria lina mlango: maji hutoka Jinja kwa Mto Nile, yakabeba chumvi yake. Natron halina, maji yake huondoka kwa jua tu, na chemchemi za moto za miamba ya volkano huliongezea magadi. Kuhusu laana, soma Ezekieli 47:11. Nabii anaona Bahari ya Chumvi ikiponywa, lakini matope na maziwa yake yanaachwa yawe ya chumvi. Na Natron ndiko heroe wadogo wa Afrika Mashariki karibu wote wanakototoa. Perege wapo pia. Ndugu zao wa Ziwa Magadi, Kenya, hutoa taka za mwili kwa njia ya urea kama wewe na mimi, wakati samaki wengi huzitoa kwa njia ya amonia.