Kuacha kazi mpya Arusha bila kuharibu jina lako

Ikikaribia Juni, kampuni za utalii hapa Arusha huajiri kwa pupa. Msimu wa wageni unaanza, barua pepe zinamiminika, na mtu anafanyiwa usaili leo ili aanze kesho. Ndiyo maana wengi wanajikuta kwenye kazi ambayo siyo waliyoambiwa. Mimi niliajiriwa kwa kazi ya bukingi, yaani kuwawekea wageni nafasi za safari na malazi. Nikajikuta nafukuzana na madeni ya mawakala, natunza stoo ya mahema, na usiku wa manane napigiwa simu kwamba gari limekwama Karatu na dereva hana hela ya mafuta. Nilipomweleza meneja, alinijibu kwa upole, "Dada, vumilia, msimu ukiisha tutapanga upya." Msimu unaisha Oktoba. Niliona siwezi.

Mazungumzo hayo na meneja usiyaruke. Kuna mambo yanarekebishika, na hata yasiporekebishika, barua yako ya kuacha kazi haitamshtua mtu.

Kisha toa mkataba wako kabatini uusome. Kwa sheria ya ajira ya mwaka 2004, ukiondoka ndani ya mwezi wa kwanza, notisi haipungui siku 7. Baada ya hapo, kwa anayelipwa kwa mwezi, ni siku 28. Mkataba unaweza kutaka zaidi, na mikataba ya muda maalumu ina masharti yake, kwa hiyo soma mpaka ukurasa wa mwisho. Kipindi cha majaribio hakikupi ruhusa ya kutoweka. Nasema hivi kwa sababu naona vijana wazuri wanazima simu Jumatatu asubuhi na kudhani yamekwisha.

Notisi ni ya maandishi, yenye sababu na tarehe. Iwe fupi: "Natoa notisi ya siku 28 kuanzia tarehe 3 Juni. Siku yangu ya mwisho kazini ni tarehe 30 Juni. Majukumu ninayofanya hayalingani na tuliyokubaliana kwenye mkataba. Nitakabidhi kazi zote kabla ya kuondoka." Inatosha. Malalamiko juu ya tabia ya bosi yasiingie humo, maana barua inabaki kwenye faili lako miaka na miaka. Mwone meneja ana kwa ana kwanza, umkabidhi mkononi, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa.

Makabidhiano ndiyo yanayobeba jina lako. Mimi niliandika kila kundi kwenye ukurasa wake: wakala ni nani, wageni wanatua uwanja wa ndege wa KIA lini na saa ngapi, lodge ipi imethibitisha na ipi bado, amana iliyolipwa na salio linalodaiwa, namba ya kumbukumbu ya malipo ya hifadhi, nani hali nyama, nani ana mzio wa karanga. Halafu nikakaa na aliyenipokea tukapitia kundi moja baada ya jingine, yeye akiwa ameshika kipanya na mimi nikielekeza kwa mdomo tu. Mambo hayo yakibaki kichwani mwako, atakayeumia ni mgeni aliyetua usiku huku dereva hajui anampeleka wapi. Huyo hakukukosea chochote.

Na mji huu ni mdogo. Mhasibu wa kampuni moja ni shemeji wa meneja wa nyingine. Madereva wanakutana lango la Loduare wakisubiri kuingia Ngorongoro, na pale habari za kila ofisi ya Njiro na Sakina zinajulikana. Ukiulizwa kwa nini unaondoka, sema umepata mwelekeo mwingine, uendelee na kazi.

Siku ya mwisho dai chako bila aibu: mshahara wa siku ulizofanya kazi na cheti cha utumishi. Hakikisha pia michango yako ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, imepelekwa. Namba yako ya uanachama ni ileile utakapokwenda. Wakikuzungusha kwenye malipo, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile CMA, inapokea mgogoro kama huo ndani ya siku 60, kwa hiyo usikae ukisubiri ahadi za "wiki ijayo".

Kwenye usaili unaofuata wataona muda mfupi kwenye wasifu wako na watauliza. Jibu kwa sentensi mbili, kwamba majukumu hayakuwa ya kwenye mkataba, ukatoa notisi na kukabidhi. Kisha wape namba ya simu ya yule uliyemkabidhi, ukiwa umeshamwomba ruhusa.